Baka Kwenye Nyasi: Jinsi Maradhi ya Kuvu Yanavyosafiri Katika Bustani za Malindi

Masika yakishakolea Malindi, mwezi wa Mei hivi, bustani nyingi za kando ya barabara ya Casuarina hubadilika sura kwa muda mfupi tu. Nyasi zilizokuwa kijani kibichi hutoka mabaka. Mengine ya mviringo, rangi ya majani makavu. Mengine yamenyooka kama njia. Mengine hayana umbo, ni unjano uliotapakaa kila pembe. Hapo kila mtu huwa na fasiri yake. Mlinzi atasema ni mkojo wa mbwa wa jirani. Mwenye nyumba, akipigiwa simu Nairobi au Milano, atauliza kwa nini nyasi hazimwagiliwi. Na mtunza bustani atajitetea, "Hii ni chumvi ya bahari, bosi. Kusi hii inavyovuma, unadhani itaacha nini?"

Wote wanaweza kuwa na haki, kila mmoja kwa siku yake. Ila wakati wa masika, ardhi ikiwa imelowa hadi chini, kiu huwezi kuitaja ya kwanza. Mshukiwa mkubwa ni kuvu, vimelea vidogo vya jamii moja na uyoga na ukungu wa mkate. Na jambo ambalo watu wengi hulipita mbio wakikimbilia duka la dawa ni hili: umbo la baka lenyewe hueleza ugonjwa umefikaje pale. Kila kuvu ina chombo chake cha kusafiria. Kuna inayotambaa kwa nyuzi zake, kuna inayopanda maji, kuna inayopanda upepo, na kuna isiyokwenda popote mpaka binadamu aibebe. Ukikitambua chombo, nusu ya tiba umeshaipata, tena nusu isiyouzwa kwenye chupa.

Tuanze na nyasi zenyewe, maana si zote huugua sawa. Malindi inayooteshwa zaidi ni ukoka, ambao hutambaa juu na chini ya udongo na kustahimili kukanyagwa. Wenye viwanja karibu kabisa na maji, au wenye visima vya maji ya chumvichumvi, hupanda paspalamu ya pwani, nyasi inayovumilia chumvi kuliko nyasi nyingine nyingi. Chini ya miembe na vivuli utakuta nyasi ya Pemba, yenye jani pana. Ile nyasi ya Kikuyu inayopendeza bustani za Nairobi haina raha huku. Joto la pwani huichosha, na mmea uliochoka ndio kuvu huutafuta.

Kuvu haijipikii chakula kama mmea. Hula kilichopikwa na wengine, ama kimekufa ama kingali hai. Mwili wake ni nyuzi nyembamba mno zinazopenya ndani ya jani kupitia vitundu vya kupumulia, au kwenye kidonda, au kwa kutoboa ngozi ya jani moja kwa moja. Nyingi ya kuvu hizi hazikuja jana. Ziko pale mwaka mzima katika lile tabaka la majani na vikonyo vikavu lililolala kati ya nyasi na udongo, zikila mabaki kimya kimya. Zinachosubiri ni hali ya hewa. Ndiyo maana wataalamu wa maradhi ya mimea husema ugonjwa unahitaji mambo matatu kwa pamoja: mmea unaoambukizika, kimelea chenyewe, na mazingira yanayokifaa. Likikosekana moja, hakuna ugonjwa. Kati ya hayo matatu, Malindi tunaweza kulipigania moja tu kwa nguvu, nalo ni mazingira, hasa unyevu wa jani.

Hapa inabidi tukae kidogo.

Spora, yaani chembe ndogo ambazo kuvu huzitumia kuzaana, ikitua juu ya jani kavu haifanyi kitu. Ili iote na kupenya, inataka maji ya wazi juu ya jani kwa saa nyingi mfululizo. Kwa maradhi mengi ya majani, muda huo ukifika saa kumi hivi usiku baada ya usiku, hatari huwa kubwa. Sasa piga hesabu. Mtu anafungua springla saa kumi na mbili jioni, jua likizama, kwa sababu amesikia kwamba kumwagilia jua kali ni kupoteza maji. Jani limelowa. Saa tatu nne usiku umande unaanza kushuka, jani bado halijakauka, basi maji yanaongezwa juu ya maji. Asubuhi jua linafika kwenye nyasi na kuzikausha mnamo saa tatu. Jani limekaa na maji saa kumi na tano. Yule aliyefungua springla hiyo hiyo saa kumi na moja alfajiri, jani lake lilikuwa limeshalowa umande tangu saa nne usiku. Ameongeza maji wakati ambao lingekuwa limelowa vyovyote vile. Saa tatu limekauka. Jumla, limekaa na maji saa kumi na moja. Maji ni yale yale, ada ni ile ile, lakini kuvu imepunjwa saa nne.

Na umande wenyewe si maji matupu. Alfajiri inama uangalie jani moja la ukoka lililokatwa jana. Kwenye ncha, pale pale kisu kilipopita, kuna tone la duara, kubwa kuliko matone madogo yaliyotapakaa sehemu nyingine ya jani. Hilo halikushuka kutoka angani. Limesukumwa na mizizi kutoka ndani ya mmea usiku, na ndani yake mna sukari na viini vya lishe kidogo. Kwa kuvu ni chai na mkate mlangoni, na mlango wenyewe umeachwa wazi, kwa maana ncha iliyokatwa ni kidonda. Ndiyo sababu watunza viwanja vya gofu duniani kote huamka mapema kupitisha fito ndefu ya mwanzi juu ya nyasi au kukokota mpira wa maji kutoka upande huu hadi upande ule. Ukiwaona unaweza kudhani wanacheza. Wanayavunja yale matone ili jani likauke mapema. Bustani ya nyumbani inahitaji watu wawili, mpira mmoja na dakika chache. Sijui njia ya bei nafuu kuliko hiyo, na sijui inayopuuzwa zaidi.

Upepo nao hukausha. Nyumba nyingi mpya za Malindi zimezungushiwa ukuta mrefu wa mawe ya matumbawe, na faragha ni jambo jema, lakini kona ya ndani ya ukuta, mahali ambapo upepo wa kusi haufiki na mwembe umefunika jua la asubuhi, ndipo baka la kwanza hutokea. Kupunguza matawi ya chini ya mti ule mara nyingi kunasaidia kuliko dawa.

Haya, turudi kwenye vyombo vya safari.

Kuvu inayotembea kwa nyuzi zake huchora duara. Mfano mkubwa ni Rhizoctonia. Hii haitegemei spora kusambaa. Hujihifadhi kwa vidonge vidogo vigumu vya kahawia na kwa nyuzi zilizolala kwenye mabaki, na hali ikiiva nyuzi huanza kutoka jani hadi jani kwa kugusana. Kwa sababu inakwenda pande zote kwa kasi inayokaribiana, baka hutoka mviringo, kutoka upana wa sahani hadi wa sinia la pilau na zaidi. Majani hung'oka kwa urahisi, na chini, shina linapokutana na kikonyo, pameoza rangi ya kahawia. Kuna aina zake zinazopenda joto kali na zinazopenda ubaridi wa wastani, kwa hiyo usishangae ikitokea miezi ya kusi, joto linapopungua.

Ndugu yake kwa tabia, si kwa ukoo, ni ule ugonjwa wa madoa madogo meupe-manjano ambao Wamarekani waliufananisha na sarafu yao ya dola. Kwenye nyasi zilizokatwa chini sana doa ni la sentimita tano hivi. Kwenye nyasi ndefu hupanuka hadi kumi au kumi na tano, kisha madoa huungana. Paspalamu hushikwa nao sana. Ukichukua jani moja na kuliangalia karibu utaona kidonda cheupe kilichobana kiunoni, kingo zake zina rangi ya kahawia-nyekundu. Alfajiri doa hufunikwa na utando mweupe unaofanana na wa buibui, na jua likipanda hutoweka. Kuvu yake iliitwa Sclerotinia homoeocarpa na mtaalamu wa kuvu Bennett mwaka 1937, na wataalamu walijua kwa miongo kadhaa kwamba jina hilo limewekwa katika ukoo usio wake. Mwaka 2018 ndipo ilipopewa ukoo mpya, Clarireedia. Miaka themanini na moja ya kuiita kwa jina la ukoo wa wengine, na nyasi zikiugua vile vile.

Ugonjwa huu wa madoa ya sarafu unatuingiza kwenye chombo cha pili, ambacho ni sisi. Kuvu yake haijulikani kwa kurusha spora bustanini. Inasafiri juu ya vipande vya majani: vilivyoshika kwenye magurudumu ya mashine ya kukatia nyasi, chini ya sitaha ya mashine, kwenye soli za viatu, kwenye meno ya reki. Malindi, mtu mmoja mwenye mashine hukata nyasi za nyumba tatu nne kwa siku. Mashine inashushwa kutoka kwenye tuktuk ikiwa na uji wa kijani umekauka chini yake, wa nyumba ya asubuhi, na kazi inaanza. Ukiona mabaka yamepangana mstari mmoja, na mistari hiyo inafuata njia ile ile mashine inayopitia na kugeukia, huna haja ya maabara.

Dawa ya chombo hiki ni ya mikono. Nyasi zikatwe zikiwa kavu, si na umande. Mashine ioshwe chini na kuachwa ikauke kabla ya kuhamia kwa mwingine. Ndani ya bustani moja, anza upande mzima, umalizie upande mgonjwa. Na anayekata nyasi za nyumba tatu, ile yenye ugonjwa iwe ya mwisho siku hiyo. Kisu kinolewe. Kisu butu hakikati, kinachana, na jani lililochanika lina kidonda kipana kinachochelewa kufunga. Pia usikate zaidi ya theluthi moja ya urefu wa jani kwa mkupuo. Mtindo wa kungoja nyasi zifike kwenye goti halafu kuzinyoa kipara kwa sababu mwenyewe anakuja kesho, huo ni mwaliko rasmi.

Maradhi mengine huletwa bustani ikiwa bado haijawa bustani. Ardhi ya Malindi mahali pengi ni mchanga na tumbawe, kwa hiyo watu huagiza lori la udongo mwekundu, wakamwaga samadi, kisha wakapanda vipande vya ukoka vilivyokuja kwa magunia. Gunia limefungwa siku mbili ndani ya gari, joto na unyevu ndani yake, halina tofauti na kitanda cha kuoteshea kuvu. Likifunguliwa likatoka na harufu ya uozo, lirudishwe. Najua ni vigumu kumrudisha mtu aliyesafirisha mzigo kutoka mbali, lakini ugonjwa wa udongoni ukishaingia hautoki.

Chombo cha tatu ni maji, na abiria wake mbaya zaidi ni Pythium. Kwa kweli Pythium si kuvu halisi; ukoo wake uko karibu zaidi na mwani fulani wa baharini kuliko na uyoga. Tofauti hiyo ingekuwa ya darasani tu, kama isingekuwa na matokeo mawili mazito. La kwanza, spora zake zinaogelea. Zina vijimkia viwili, na katika utando mwembamba wa maji juu ya udongo huelekea zenyewe kwenye mizizi. Kwa hiyo ugonjwa hufuata mkondo: pale maji yanapotuama, pale bomba la paa linapomwagia, kwenye bonde dogo ambalo huligundui mpaka mvua inyeshe. Baka linakuwa refu, lenye ncha kuelekea maji yanakokwenda. Usiku wenye joto la zaidi ya nyuzi 20, na Malindi ni nadra kupata usiku wa chini ya hapo, nyasi zilizoathirika majani zinaweza kulala chini kwa usiku mmoja, zikiwa na utelezi kama zimepakwa mafuta, na pamba nyeupe juu yake alfajiri. Ukoka huugua zaidi mizizi: unadhoofu, unakuwa mwembamba, unang'oka na mizizi mifupi ya kahawia. Tokeo la pili ni la dawa, nitalifikia.

Chombo cha nne ni upepo, ambao watu huulaumu kuliko vyote ingawa kwa nyasi si mkosaji mkuu. Kutu ndiyo msafiri wake hodari. Kutembea kidogo tu kwenye nyasi zenye kutu kunatosha kuacha vumbi la rangi ya chungwa kwenye pindo la kanzu nyeupe. Kila chembe ya vumbi hilo ni spora. Hapa hutaona duara wala mstari, bali unjano uliosambaa bustani nzima karibu wakati mmoja. Kutu inaweza kwenda mbali kweli kweli. Binamu yake inayoshambulia ngano, iliyotambuliwa Uganda mwishoni mwa miaka ya 1990 na kuitwa Ug99, ilionekana Yemen mwaka 2006 na Iran mwaka 2007, na upepo ndio unaotajwa kuwa uliivusha, ukielekea kule kule majahazi yetu yalikokuwa yakielekea kwa kusi. Usiogope lakini: kutu huchagua mmea wake, na ile ya ngano haina shughuli na ukoka. Ya ukoka nayo haiui mara nyingi. Hupenda nyasi zenye njaa zinazokua polepole. Mbolea kidogo ya naitrojeni na kukata mara kwa mara hutosha.

Kinyume chake ni Pyricularia, jamaa ya kuvu inayounguza mpunga, ambayo kwenye nyasi ya Pemba na jamaa zake huacha vidonda vya kijivu vyenye kingo za kahawia. Hii husafiri kwa upepo na kwa matone ya mvua yanayorukaruka, na hupenda nyasi zilizoshiba. Mtu anaona unjano, anamwaga yurea, jani linanenepa na kulainika, na siku chache baadaye vidonda vimezidi maradufu. Ndipo utaona kwa nini ushauri wa "tia mbolea" au "usitie mbolea" hauna maana mpaka ujue unapambana na nani. Madoa ya sarafu na kutu hupungua kwa naitrojeni. Pyricularia, Rhizoctonia na Pythium hushamiri kwayo.

Kuna pia pete za uyoga, ambazo nitazipita haraka kwa sababu si ugonjwa wa jani. Kuvu inakula mabaki ya mti chini ya ardhi, kisiki cha mvinje uliokatwa zamani kwa mfano, na kupanuka kidogo kidogo kila mwaka. Ukingoni nyasi huwa kijani kilichokoza, kwa kuwa naitrojeni inaachiliwa, na mvua ikinyesha uyoga hutoka. Toboa udongo kwa uma wa bustani na uloweshe, kwani nyuzi zake huufanya ukatae maji. Uyoga huo usiliwe. Aina kubwa nyeupe inayopendelea nyasi za nchi za joto, ambayo chini ya kofia yake hugeuka kijani-kijivu ikikomaa, ni ya sumu na huwatapisha watu vibaya.

Sasa, kabla ya kununua chochote, ondoa wasio na hatia. Chumvi ya bahari huunguza ncha za majani upande unaoelekea bahari, na mimea mingine ya upande huo huungua pamoja. Mkojo wa mbwa huacha baka dogo lililokufa katikati na pete ya kijani iliyonawiri pembezoni. Mchwa huacha njia za udongo na nyasi zinanyanyuka bila mizizi. Na ule unga wa kijivu unaotokea juu ya majani baada ya mvua, unaotisha kwa kuangalia, mara nyingi ni ukungu wa ute usiodhuru. Mwagie maji kwa nguvu uishe.

Ukibaki na shaka, fanya hivi. Jioni kata kipande cha nyasi cha upana wa kiganja, pamoja na udongo wake, kutoka kwenye ukingo wa baka. Si katikati: katikati kuvu imeshamaliza kula na kuondoka. Kiweke ndani ya kopo la aisikrimu pamoja na karatasi ya shashi iliyoloweshwa, funika, acha ndani ya nyumba hadi asubuhi. Kamera ya simu ikikaribishwa vizuri itaona kama nyuzi zimeota. Pamba nyingi nyeupe karibu na udongo inaelekeza kwa Pythium, utando kwenye vidonda vya majani kwa madoa ya sarafu, nyuzi za kahawia zilizoshika shina kwa Rhizoctonia. Si uthibitisho wa maabara, lakini ni bora mara mia kuliko kuuliza rangi ya chupa.

Maana dukani hali huwa hivi: mtu anaomba "dawa ya ukungu" na kupewa ile ya nyanya, mchanganyiko wa metalaksili na mankozebu. Metalaksili ni kali kwa Pythium, lakini Rhizoctonia haiigusi. Karbendazimu ni kinyume: inafanya kazi kwa kuvu halisi kadhaa, na kwa Pythium ni sawa na kunyunyiza maji. Hilo ndilo tokeo la pili nililoliahidi. Mankozebu hukaa juu ya jani kama kinga tu, haiponyi kilichoingia, na mvua kubwa huiosha. Azoksistrobini inagusa pande zote mbili kwa kiasi. Asili yake, kwa mshangao wangu, ni kemikali iliyopatikana mwaka 1977 kutoka kwa uyoga mdogo unaoota juu ya koni za msonobari, ambao huitumia kuwafukuza kuvu wenzake. Ukirudia dawa ya kundi moja, yaani zinazoua kuvu kwa njia ile ile, mara kwa mara, kuvu wachache wasioisikia ndio watakaobaki kuzaana. Madoa ya sarafu yamekwisha kuzoea makundi zaidi ya moja katika viwanja vya gofu vya nje. Badilisha makundi, si majina ya kibiashara tu. Na Kenya angalia namba ya usajili ya Bodi ya Kudhibiti Bidhaa za Wadudu Waharibifu kwenye kibandiko, pamoja na muda ambao watoto na mifugo hawapaswi kukanyaga nyasi.

Baka lililokwisha kufa halifufuliwi na dawa yoyote. Vuta kikonyo kimoja katikati yake ukikate kwa ukucha: kikiwa cheupe ndani na kibichi, uache, ukoka utajifunika wenyewe kutoka pembeni. Kikiwa cha kahawia hadi ndani, reki mabaki yote, yachomwe au yazikwe mbali na bustani, fungua njia ya maji, weka mchanga mpya, halafu upande vipande vipya mvua kubwa zikishapungua.